Samaki wa Ziwa Nyasa Ndani ya Chungu

Nyama ya samaki huiva upesi kuliko nyama ya ng'ombe, mbuzi au kuku, na kwa sababu hiyo hiyo ndiyo inayoharibiwa upesi zaidi na moto. Msuli wa ng'ombe umefungwa kwa kano na tando ngumu zinazohitaji saa nzima au zaidi kulainika. Msuli wa samaki umepangwa kwa tabaka fupi fupi zinazotenganishwa na utando mwembamba wa kolajeni, maana samaki amebebwa na maji na hana haja ya kano nene za kumsimamisha. Utando huo huyeyuka joto likifika kama nyuzi 50 za sentigredi, na hapo ndipo nyama inapoanza kuachana vipande vipande. Protini za msuli wenyewe huanza kushikana kabla ya hapo, na joto likipita nyuzi 60 hujikunja kwa nguvu na kuyakamua maji yaliyokuwa ndani yake. Maji hayo ndiyo utamu wa samaki. Kwa hiyo samaki aliyeachwa nusu saa kwenye mchuzi unaofurukuta hukauka hata kama mchuzi umemfunika kabisa. Hakukosa maji, alizidishiwa moto.

Chungu cha udongo humlinda samaki kwa namna mbili. Ya kwanza ni ugumu wake wa kupitisha joto. Alumini, ambayo ndiyo hutumika kutengenezea sufuria nyingi za Tanzania, hupitisha joto zaidi ya mara mia kuliko udongo uliochomwa. Moto ukipanda chini ya sufuria, samaki anaupata papo hapo, na kipande kilicholala pale ndimi za moto zinapogusa huteseka kuliko vingine. Udongo hupokea joto polepole, hulitunza ukutani, kisha hulitoa polepole kutoka pande zote. Namna ya pili ni vitundu. Ukuta wa chungu kisichopakwa rangi ya kung'aa una vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Maji kidogo hupenya hadi upande wa nje na kugeuka mvuke, na mvuke huo huondoka na sehemu ya joto, kama inavyotokea kwenye mtungi unaopoza maji ya kunywa. Chungu kilicho motoni, kwa sababu hiyo, hupenda kuuweka mchuzi katika hali ya kutokota taratibu, viputo vichache vikipanda kando kando, hata pale mpishi alipokosea kidogo kupima kuni.

Kwa anayepika Songea, mkoani Ruvuma, mwinuko nao unasaidia. Mji umekaa zaidi ya meta 1,000 juu ya usawa wa bahari, na katika kimo cha namna hiyo maji huchemka kwenye kama nyuzi 96 badala ya 100. Hali hii huchelewesha maharage na makande, lakini kwa samaki ni neema, kwa kuwa mchuzi wa Songea hauwezi kuwa mkali kama ule wa Dar es Salaam au Tanga hata ukichochewa vipi.

Liko jambo la tatu, ambalo halihusu joto. Samaki hupikwa na vitu vichachu: limau, ndimu, ukwaju, embe bichi, nyanya. Uchachu hula alumini na kuacha ladha ya chuma mdomoni, na sufuria iliyopikiwa ukwaju hubadilika rangi ndani. Udongo uliochomwa vizuri haujali uchachu. Mchuzi unaweza kukaa humo mpaka chakula kipakuliwe bila kupoteza ladha yake.

Ukizungumzia vyungu kando ya Ziwa Nyasa, unawazungumzia Wakisi. Vijiji vyao vimebanwa kati ya maji na Milima ya Livingstone inayoshuka karibu wima hadi ziwani, mahali ambapo ardhi ya kulima ni haba. Ikombe, jirani na Matema wilayani Kyela, ndicho kijiji chao kinachojulikana zaidi kwa ufinyanzi. Wafinyanzi ni wanawake. Huumba chungu kwa mikono bila gurudumu, hukikausha, kisha hukichoma mahali pa wazi kwa nyasi na kuni. Vyungu hivyo vimesafirishwa kwa mitumbwi tangu enzi za mababu na kubadilishwa kwa chakula, na mpaka leo hupangwa mamia kwa mamia kwenye soko la Jumamosi la Lyulilo, karibu na Matema, kabla ya kusambaa mwambao wa ziwa na mikoa ya Nyanda za Juu Kusini. Ukuta wa vyungu hivyo ni mwembamba na umesawazishwa vizuri, na kwa mpishi jambo hilo lina uzito kuliko nakshi: ukuta wenye unene usiolingana hupanuka kwa kasi tofauti na kupasuka.

Udongo mtupu haufai kwa moto. Mfinyanzi huuchanganya na mchanga au vigae vilivyotwangwa, na chembe hizo huuzuia ufa mdogo usikimbie ukuta mzima. Moto wa wazi kwa kawaida hufika kati ya nyuzi 600 na 900, chini ya ule wa viwanda vya vigae vya sakafuni, kwa hiyo chungu cha asili hubaki na vitundu vyake. Hicho ndicho kinachotakiwa kwa kupikia. Chombo cha udongo kilichopakwa rangi ya kung'aa ndani ni kitu kingine kabisa, na kama haijulikani kilitengenezwa wapi na kwa rangi gani, kisipikiwe. Baadhi ya rangi hizo zina risasi, na uchachu wa limau au nyanya huitoa risasi hiyo na kuiingiza kwenye chakula.

Sokoni, chungu hujaribiwa kwa sikio. Kikigongwa kwa kifundo cha kidole kilie kwa sauti safi. Sauti iliyokufa ni dalili ya ufa au ya udongo ambao haukuiva. Kwa samaki chungu kirefu chenye shingo nyembamba hakifai. Kinachofaa ni kipana chenye mdomo mkubwa, au kikaango cha udongo, ili vipande vilale kwa safu moja pasipo kulaliana. Mfuniko nao ni muhimu sawa na chungu chenyewe. Mkungu wa udongo unaokaa sawasawa ndio bora, na ukikosekana, jani la mgomba lililobabuliwa motoni likawekwa chini ya mfuniko wa sufuria hufanya kazi hiyo vizuri.

Chungu kipya hakiingii jikoni siku kilipotoka sokoni. Hulowekwa majini usiku kucha, asubuhi hujazwa maji hadi karibu na ukingo, hutiwa unga wa mahindi au wa muhogo kiasi cha kufanya uji mwepesi sana, kisha huwekwa kwenye moto mdogo unaoongezwa taratibu. Uji huo uchemke kama saa moja, na chungu kipoe chenyewe hapo hapo kilipo. Wanga huingia vitunduni na kuviziba nusu nusu, ili mchuzi usivuje. Baada ya kuoshwa na kukaushwa, hupakwa mafuta ya kula ndani na kupashwa tena kidogo. Matumizi ya mwanzo yakiwa ya vyakula vyenye mafuta au wanga, chungu hukomaa mapema, na kile kilichokwisha kupika kwa miezi kadhaa hupika vizuri kuliko kipya.

Samaki wa Songea, kwa sehemu kubwa, hutoka Ziwa Nyasa. Mbamba Bay, makao makuu ya Wilaya ya Nyasa, iko kama kilomita 170 kutoka Songea kupitia Mbinga, na barabara hiyo sasa ni ya lami. Ziwa lenyewe lina kina cha takriban meta 700 na ni miongoni mwa maziwa yenye aina nyingi zaidi za samaki duniani. Wanaofika sokoni ni wachache wanaojulikana kwa majina: mbasa, perege wa ziwani ambao wengi huwaita magege, kambale, na dagaa ambao jina la ziwa limewaganda, wakafahamika mpaka Dar es Salaam kama dagaa Nyasa.

Samaki wa kufugwa nao wana nafasi yao. Kituo cha Ukuzaji Viumbe Maji cha Ruhila, kilichopo Songea, huzalisha vifaranga vya samaki kwa ajili ya wafugaji wa mabwawa, na perege wa bwawani anaweza kufika jikoni saa chache tu baada ya kuvuliwa. Upungufu wake ni harufu ya tope. Harufu hiyo husababishwa na kemikali iitwayo jiosmini, inayotengenezwa na vijidudu na mwani wa bwawani na kujificha kwenye mafuta ya samaki. Mfugaji makini huwahamishia samaki wake kwenye maji safi yanayotembea kwa siku kadhaa kabla ya kuwauza, na harufu hupungua sana. Aliyenunua samaki ambaye hakupitia hatua hiyo amtie limau au ukwaju wa kutosha, kwa kuwa uchachu huivunja kemikali hiyo.

Mbasa anastahili maneno ya pekee. Ni samaki mrefu mwenye magamba ya fedha na nyama yenye mafuta, na kwa wengi wa mwambao hakuna anayemfikia kwa utamu. Huzaliana kwa kupanda mito inayomwaga maji ziwani wakati wa mvua, Ruhuhu ukiwa mmojawapo, na hapo ndipo anapokamatwa kwa urahisi akiwa na mayai tumboni. Mbasa amo katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka. Kumnunua akiwa na mayai ni kula mbasa wa miaka ijayo, na mnunuzi anaweza kabisa kuchagua perege au dagaa hadi msimu huo upite.

Hakuna chungu kinachomfufua samaki aliyechina. Macho yawe yametuna na maangavu, mashavu ndani yawe mekundu, na nyama ikibonyezwa kwa kidole irudi. Akishapaliwa magamba na kutolewa matumbo, mara nyingi hubaki utando mweusi ndani ya tumbo na mstari wa damu kando ya uti wa mgongo. Vyote viwili viondolewe kwa kukwaruzwa, kwa sababu ndivyo vinavyoleta uchungu kwenye mchuzi, na watu wengi humlaumu samaki kwa kosa la usafishaji. Kambale huoshwa utelezi wake kwa chumvi na maji ya moto. Samaki yeyote aoshwe haraka, asilowekwe.

Chumvi huja kwanza. Kwa samaki wa kilo moja aliyekatwa vipande vya unene wa sentimeta 3, kijiko kimoja cha chai cha chumvi kilichojaa na maji ya limau moja vinatosha, na dakika 20 zinatosha pia. Chumvi hulegeza sehemu ya protini na kuzifanya zishike maji vizuri wakati wa kuiva. Limau, kinyume chake, likikaa muda mrefu huipika nyama kwa uchachu wake na kuifanya iwe ya unga unga. Kumwacha samaki kwenye limau tangu asubuhi hadi jioni, kama wafanyavyo baadhi ya wapishi kwa nia njema, ni kumharibu.

Hapa panafikiwa jambo ambalo nyumba nyingi za Songea zitabishana nalo. Desturi iliyoenea ni kumkaanga samaki kwanza kwenye mafuta mengi, kisha kumtumbukiza kwenye mchuzi. Desturi hiyo ina sababu zake: samaki wa kukaangwa hukaa muda mrefu pasipo na friji, na hakatiki katiki kwenye mchuzi. Lakini mafuta ya kukaangia huwa na joto la nyuzi 170 na zaidi, na samaki aliyepitia humo ameshapoteza maji yake mengi kabla hajakutana na nyanya. Mchuzi haumrudishii. Kwa samaki mbichi aliyefika siku hiyo, na kwa nyumba yenye chungu, kukaanga kwanza ni hasara. Kilichofanya akaangwe, yaani kuogopa kukatika, chungu kinakiondoa, kwa kuwa mchuzi hautikisiki na mwiko haugusi.

Mchuzi hupikwa ukaiva kabisa kabla samaki hajaingia. Chungu huwekwa kwenye moto mdogo na mafuta ya alizeti vijiko vitatu vya chakula. Vitunguu viwili vikubwa vilivyokatwa vyembamba huingia na kuachwa vilainike bila kuwa kahawia sana, kwa sababu kitunguu kilichoungua hufunika ladha ya samaki. Hufuata kitunguu saumu punje nne au tano, kipande cha tangawizi kilichotwangwa, bizari ya manjano kiasi, na nyanya nne au tano zilizoiva. Nyanya ziachwe zipondeke zenyewe mpaka mafuta yajitenge na kupanda juu. Kwenye chungu kazi hii huchukua dakika 20 au zaidi, na haifai kuharakishwa. Ndipo huongezwa nusu kikombe cha maji na uchachu wa chaguo la mpishi: ukwaju uliolowekwa, vipande vya embe bichi wakati wake, au limau la mwisho mwisho. Chumvi ionjwe sasa. Samaki akishaingia hakuna tena nafasi ya kukoroga.

Viungo vya pakiti vyenye chumvi nyingi havihitajiki. Mbasa au perege mbichi ana ladha yake, na chungu kimechaguliwa ili ladha hiyo isipotee.

Kabla ya kuwapanga samaki, sehemu ya mchuzi hutolewa na kuwekwa kando, na chini ya chungu hutandikwa kitu cha kumtenga samaki na udongo wa moto. Uti wa jani la mgomba uliokatwa vipande ni mzuri, na vipande vinene vya kitunguu au viazi vinafaa pia. Wamoroko hufanya vivyo hivyo kwenye vyungu vyao vya samaki viitwavyo tajine, wakitandika vijiti vya mwanzi, karoti au mabua ya mboga. Kisha vipande vya samaki hulazwa safu moja, ngozi ikielekea chini, mchuzi uliotolewa humwagwa juu yao, na chungu hufunikwa sawasawa.

Kuanzia hapo moto hupunguzwa. Kwenye mafiga, kuni huvutwa nje zibaki makaa tu. Kwenye jiko la mkaa, mlango wa hewa hufungwa nusu. Vipande vya sentimeta 3 huhitaji kama dakika 10 hadi 12 tangu mchuzi uanze tena kutoa viputo. Ikiwa kuna haja ya kusogeza mchuzi, chungu hushikwa kwa vitambaa pande mbili na kuzungushwa kidogo hapo hapo juu ya jiko. Dakika hizo zikitimia, chungu huondolewa motoni na kuachwa bila kufunuliwa dakika 10 nyingine. Muda huo wa pili ndio unaowashinda wengi, maana harufu imeshaenea nyumba nzima na watu wana njaa, lakini ndio unaoleta tofauti: joto lililotunzwa ukutani humaliza kumwivisha samaki polepole, na mchuzi huingia katikati ya tabaka za nyama zilizoanza kuachana. Samaki aliyeiva nyama yake imegeuka kutoka hali ya kuonyesha kama kioo na kuwa nyeupe, nayo huachana na mfupa wa mgongo kwa kusukumwa kidogo na uma. Mwenye kipimajoto cha jikoni atafute nyuzi 63 katikati ya kipande kinene, kiwango kinachokubalika kwa usalama.

Anayetaka mchuzi mzito huongeza karanga zilizosagwa au tui la nazi. Karanga, nusu kikombe iliyokorogwa na maji ya uvuguvugu, huingia pamoja na nyanya na kuchemka nazo, kwani karanga mbichi kwenye mchuzi huacha ladha ya majani. Ufuta, zao linalolimwa sana Namtumbo na Tunduru, ukikaangwa kidogo na kusagwa hutumika kwa njia hiyo hiyo, na inashangaza kwamba jiko la Ruvuma halijautumia zaidi kwa samaki. Tui zito huja mwisho kabisa, chungu kikiwa kimeshaondolewa motoni, ili lisikatike. Pwani, ambako nazi ni nyingi, mchuzi wa samaki wa nazi kwenye chungu ni chakula cha kale. Watu wa Kerala, kusini magharibi mwa India, hupika samaki wao kwenye chungu pamoja na tunda chachu lililokaushwa, na wengi wao humla siku ya pili, mchuzi ukishamwingia. Wavietnamu nao humpika taratibu kwa saa kadhaa na sukari iliyounguzwa mpaka mchuzi ukauke na kumganda. Njia hii ya mwisho hutaka samaki mwenye mafuta mengi.

Kuna upishi mwingine wa chungu usio na mchuzi kabisa, unaomfaa sana perege mzima wa nusu kilo. Samaki huchanjwa mara mbili au tatu kila upande, hupakwa chumvi, tangawizi, kitunguu saumu, pilipili na mafuta kidogo, na tumbo lake hujazwa vitunguu na nyanya. Jani la mgomba hubabuliwa juu ya moto mpaka lilainike, samaki hufungwa ndani yake, na furushi hilo hulazwa juu ya uti wa mgomba uliotandikwa ndani ya chungu chenye maji kiasi cha kikombe kimoja cha chai. Chungu hufunikwa kwa mkungu, na juu yake hupaliwa makaa machache, kama wanavyofanya wapika wali. Joto likitoka chini na juu pamoja, dakika 25 hadi 30 zinatosha. Ugali wa muhogo, chakula kikuu cha sehemu kubwa ya mwambao wa Nyasa, hukaa vizuri na samaki huyu kuliko ugali wa mahindi, ingawa Songea ni nchi ya mahindi.

Samaki waliokaushwa kwa moshi hawapikwi kwa mategemeo hayo hayo. Maji yao yamekwisha kuondoka, na chungu hakiwezi kuyarudisha. Kinachoweza kufanyika ni kuwaloweka kwenye maji ya moto kama dakika 15, kutoa mifupa, na kuwaacha watokote taratibu kwenye mchuzi wa karanga mpaka wanywe. Dagaa Nyasa huondolewa vichwa, huoshwa kwa maji ya uvuguvugu mara mbili au tatu kuondoa mchanga, hukaangwa kavu chunguni kwa dakika chache, kisha huungwa na nyanya, vitunguu na karanga. Kwa dagaa, moshi unaobaki kwenye udongo wa chungu kilichozoea kuni ni kiungo chenyewe.

Swali la moto linazidi kuulizwa, kwa kuwa Tanzania ilizindua mwaka 2024 mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia unaolenga asilimia 80 ya wananchi waitumie ifikapo 2034. Chungu kinaweza kukaa kwenye gesi, ila lazima kitako chake kiwe bapa au kiwekewe kishikilizi, na kati yake na ndimi za moto iwekwe bati nene la kutawanya joto. Moto uanzie chini kabisa kwa dakika tano nzima. Jiko la umeme la koili linafaa kwa masharti hayo hayo. Majiko ya sumaku, ambayo hupasha chuma tu, hayawezi kukipasha chungu. Faida moja ya udongo katika gesi huonekana kwenye mtungi: samaki akizimiwa moto mapema na kumalizwa na joto la ukuta, gesi haiwaki bure.

Vyungu vingi hufa kwa maji baridi. Chungu kilicho moto hakimwagiwi maji ya bombani, hakiwekwi kwenye sakafu ya saruji iliyolowa, wala hakiachwi motoni kikiwa kitupu. Hushushwa juu ya kata ya nguo au nyasi, kikapoa chenyewe. Sabuni haifai, kwani huingia vitunduni na kurudi kwenye mchuzi unaofuata. Maji ya moto, dodoki na jivu kidogo vinatosha kuondoa mafuta. Kikaushwe juani, kihifadhiwe bila mfuniko, vinginevyo huota ukungu. Kikiota, hulowekwa kwenye maji ya moto yenye limau, hupigwa dodoki na kuanikwa tena. Samaki huacha harufu yake kwenye udongo, hivyo nyumba yenye uwezo huwa na chungu cha samaki peke yake, mbali na cha maharage na mbali kabisa na cha maziwa. Mchuzi uliobaki usilale chunguni. Joto la udongo hukaa muda mrefu, na mchuzi ulio vuguvugu usiku kucha huchacha. Uhamishiwe kwenye bakuli na kupelekwa kwenye friji, na upashwe moto vizuri kabla ya kuliwa.

Anayeanza na aanze na perege wa nusu kilo, kwa kuwa bei yake ni nafuu na nyama yake huvumilia makosa madogo. Akishazijua tabia za chungu chake, muda kinaochukua kupata joto na muda kinaochukua kupoa, atakuwa tayari kumpika mbasa.